Mpishi Tuliyempeleka Moroni

Vijana wa ofisi ya biashara, siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa kiti cha mbele na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Mmoja wenu akasema, "Mama Zaituni, tusimulie kisa kimoja tu cha kazini." Nikaanza kuwaeleza habari za mpishi tuliyempeleka Moroni. Kabla sijamfikisha hata kituo cha Tabora umeme ukakatika, pilau ikaingia, na kisa kikaishia njiani. Sasa ninao muda, nami sipendi kumwacha mtu stesheni. Ndiyo maana naandika.

Nilianza kazi nikiwa binti wa Ujiji niliyetoka chuoni, nimevaa viatu vipya vya kisigino, nikiamini biashara ni jambo linalofanyika mezani. Mkuu wangu alikuwa Ndugu Ruhasha, Muha wa Kasulu, mrefu, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito na kabla ya kufanya mzaha, usijue kinachokuja ni kipi. Asubuhi ile nilitazamia anionyeshe meza yangu. Alinipa bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho huchomwa ubavuni mwa gunia kutoa kilichomo bila kulifungua. Tukashuka kwa miguu hadi mwaloni Katonga, boti za wavuvi zinakotua, mimi na visigino vyangu nyuma yake.

Pale mwaloni alichagua gunia la dagaa wakavu, akachoma, akanimiminia kiganjani.

"Tafuna," akasema.

Nikatafuna.

"Unasikia nini?"

"Dagaa, Ndugu."

"Tafuna tena, polepole."

Safari hii meno yalikwaruza. "Mchanga," nikasema.

"Haya. Sasa umeanza kazi." Akanieleza kwamba dagaa wetu huanikwa ufukweni juu ya mchanga, na kwamba mnunuzi wa hapa ameshazoea, huosha mara nyingi na kunyamaza. "Lakini mtu wa mbali," akasema, "kwa nini atuvumilie?"

Mtu wa mbali. Neno hilo lilikuwa haliishi mdomoni mwake. Zilikuwa siku za Ujamaa, vijiji vinapangwa upya, maduka ya ushirika yanafunguliwa, na kila mkoa unahimizwa kutafuta soko na marafiki. Sisi wa Kigoma reli inakoishia tulizoea kutazama ng'ambo ya ziwa tu, Kongo na Burundi. Ndugu Ruhasha alitaka kutazama upande wa pili. Alikuwa na ramani ukutani, na mara nyingi nilimkuta amesimama mbele yake, kikombe cha chai mkononi, akitazama vile vidoa vya visiwa kule baharini.

Ndipo siku moja, katika mkutano wa maafisa biashara Dar es Salaam, akasimama na kuuliza: visiwa vya Komoro, ambavyo vimejipatia uhuru juzi tu, vinakula nini msimu ule bahari inapochafuka na wavuvi wasiweze kutoka? Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Watu walicheka, maana ajenda ilikuwa pamba. Lakini nyuma ya ukumbi alikuwako mama mmoja mgeni, mfanyabiashara wa Moroni aliyekuja kununua vitambaa, na alikuwa amealikwa kuja kusikiliza. Hakucheka. Wakati wa chai alitufuata.

"Ninaitwa Moinaecha," akasema. "Umeuliza tunakula nini. Tunakula tulichonacho. Na ninyi mna nini?"

Ndugu Ruhasha akakohoa. "Njoo uone," akasema.

Akaja kweli, kwa treni, amejifunga shiromani, nguo ya wanawake wa kwao, nyekundu na nyeupe, amepakata kapu la kofia zilizodariziwa kwa mkono. Kazi ya kumtembeza ilikuwa yangu, na sijawahi kumtembeza mtu aliyeuliza maswali kama yule. Kwa nini nyumba za Ujiji zina milango ya kuchonga kama ya kwao? Mawese yanatoka wapi rangi ile? Kwa nini mnaita ziwa, na ng'ambo haionekani vizuri? Tulipofika ufukweni alichota maji kwa kiganja, akanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akanywa. Akachota tena.

"Yote haya ni matamu?" akaniuliza.

"Yote."

Alisimama pale kwa kitambo, maji yakimlowesha pindo. Sikuelewa kilichomshangaza. Nilidhani maji ni maji.

Nyumbani kwetu Ujiji baba yangu, mzee mwenye kujali adabu kupita kiasi, alimkaribisha kahawa. Bi Moinaecha akapokea kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kusema, "Marahaba."

Baba akageuka nyuma kutazama ni nani aliyemwamkia mgeni. Hakukuwa na mtu. "Mwanangu," akasema kwa upole, "nani amekupa shikamoo?"

Mgeni naye akachanganyikiwa. Ilitubidi tukae tulifumue jambo hilo pole pole, hadi tukaelewa kwamba kwao marahaba ni asante. Baba alilipenda mno. Tangu siku hiyo kila mama alipompa maji ya kunawa, baba alisema "Marahaba," kisha akacheka peke yake. Zile kofia nazo ziliisha kabla ya swala ya Ijumaa. Wazee wa Ujiji walizigombea kama watoto.

Kisha tukampeleka Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe, ambako hakufikiki ila kwa boti. Huko ndiko nilikokutana na Mama Feza. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, naye alizaliwa kijijini pale, ila Kiswahili chake kilibaki na ladha ya ng'ambo. Alikuwa kiongozi wa kina mama waanika dagaa, mnene, mwenye sauti ya kuita boti iliyo mbali. Nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia, kisha akamgeukia mgeni na kumpa dagaa watatu mkononi.

Bi Moinaecha akatafuna. Akatema kando, akajifuta midomo kwa ncha ya shiromani.

"Samaki wenu ni wazuri," akasema. "Mchanga wenu sili."

Nikaona aibu kwa niaba ya mkoa mzima. Mama Feza hakuonyesha kukasirika. "Sasa nyinyi kwenu munaanika wapi?" akauliza.

"Juu ya miti. Upepo upite chini."

Wakaanza kuzungumza wenyewe, mikono ikisaidia pale Kiswahili cha mmoja kilipokwama kwa mwingine. Mchana ule walikata matete na kufunga chanja ya kwanza kwa kamba za mgomba. Wazee wa kijiji walipita wakitazama, wakasema dagaa wataanguka. Wachache walianguka kweli, na kuku wakafurahi. Lakini waliobaki walikauka wakang'aa kama bati jipya, na ukiwatafuna hakuna kinachokwaruza.

Bi Moinaecha aliondoka akiwa ameahidi kupokea shehena. Kijiji kikaamua kuacha mchanga. Msione kuwa hii ni habari ndogo. Kufunga chanja kwa ufuko mzima kuliwagharimu kina mama wale msimu wa kulima, na wanaume walinung'unika kwa kuwa walitumwa matete mlimani. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia waziwazi, mbele ya watu, "Afisa, tumekuamini. Jambo hili likiharibika, usije tena na jambo jingine." Nikaitikia. Gunia kwa gunia dagaa wakaenda Kigoma kwa boti, wakapakiwa behewani, wakafika bandarini, wakavuka bahari.

Kisha kimya. Halafu ikaja simu kutoka kwa wenzetu wa Dar es Salaam, sauti ikija na kuondoka, mimi nikiwa nimeziba sikio moja kwa kidole. Dagaa walifika salama. Hakuna anayewala. Watu wa Moroni wamezoea samaki wakubwa wa kukatwa vipande. Hawa wetu waliwaona kuwa chambo. Baadhi waliwatundika kwenye ndoana. Mwingine alinunua gunia zima kwa ajili ya kuku wake, akasifu sana. Bi Moinaecha anasema wafanyabiashara wenzake waliomwazima ghala wanalitaka, na masika yakiingia dagaa wakiwa bado ndani wataoza.

Nilikwenda Mwamgongo kuwaeleza. Ndugu Ruhasha alisema ataandamana nami, nikamwomba asije. Nilitaka nilisemee mwenyewe. Watu walikusanyika kati ya chanja zao. Niliposema neno kuku, mzee mmoja alivua kofia yake na kuitazama ndani. Mwenyekiti alinikazia macho, akaanza kufungua kamba ya chanja iliyokuwa karibu naye.

Mama Feza akasogea mbele. "Hawa watu," akauliza, "nani aliwaonyesha kupika?"

"Hakuna," nikasema.

"Muliwapelekea samaki. Hamukuwapelekea mupishi." Akajifunga kanga vizuri. "Mimi naweza kwenda. Ninataka kuona hiyo bahari inayofanya mutu ashangae ziwa."

Nilipomweleza Ndugu Ruhasha alikohoa, nikangoja mzaha. Haukuja. Alipanda treni siku ileile kwenda kutafuta kibali. Wakubwa wa Dar es Salaam walimwuliza serikali itampelekaje mpishi nchi za nje. Akawaambia huyu ni mtaalamu wa lishe ya ziwani. Cheo hicho hakipo mpaka leo, lakini kilipigwa muhuri.

Basi tukasafiri, mimi na Mama Feza. Alikuwa hajawahi kupanda treni. Alikataa kulala kwa sababu alitaka kuona kila stesheni, na kila stesheni aliuliza wauza vyakula wanapika nini na kwa nini. Tabora alijadiliana na mama muuza asali mpaka treni ikaanza kuondoka, mimi na abiria wengine tukamvuta ndani kwa mikono. Bandarini Dar es Salaam alishuka ngazi hadi majini, akachota kiganja kama alivyochota mgeni wake kwetu, akanywa. Akatema.

"Hii maji iko na chumvi," akasema.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia. Nilifikiri ni kidogo." Akayatazama maji yale yote. "Nani alitia chumvi hii yote?"

Meli ilikuwa ya mizigo, na juu ya safari hiyo sina la kusimulia, kwa kuwa nilikuwa nimelala chini nikitapika wakati Mama Feza akiuliza mabaharia majina ya kamba. Moroni tulishushwa kwa mashua, maana meli kubwa hazikuweza kusogea. Mji mweupe umekaa juu ya mawe meusi, mawe ya moto wa mlimani yaliyopoa. Bi Moinaecha alitupokea gatini. Njiani kwenda kwake Mama Feza aliona pembeni ya kila nyumba kisima kilichojengwa kwa saruji, chenye mifereji kutoka paani, akauliza ni cha nini. Akaelezwa kwamba kisiwa kile hakina mto hata mmoja. Watu hukinga mvua na kuinywa mwaka mzima.

Hapo ndipo nami nilipoelewa kwa nini mgeni wetu alisimama vile ziwani. Tukafika kwake. Mama Feza alipoletewa maji ya kunywa, aliyanywa yote, hakumwaga hata tone.

Siku ya kupika, ua wa Bi Moinaecha ulijaa majirani, wafanyabiashara wenzake, na juu ya mkeka wa heshima mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Koko, yaani bibi. Mama Feza alipika kama anavyopika kwao: mawese aliyoyabeba kutoka Kigoma, vitunguu, pilipili, chumvi. Kwangu harufu ile ilikuwa ya nyumbani, machozi yakanilenga. Watu wakapewa. Wakaonja. Wakashukuru sana, na kusifu sana, na sahani zikawekwa chini zimejaa. Mtoto mmoja wa jirani alisema kwa sauti ambalo wakubwa hawakulisema: samaki wanamtazama. Ni kweli, dagaa hupikwa na vichwa vyao, na macho yao hubaki. Wafanyabiashara wakaaga mmoja mmoja. Mmoja wao, wakati anavaa viatu, alimwambia Bi Moinaecha kwamba ghala litahitajika wiki ijayo.

Nilimkuta Mama Feza amekaa juu ya jiwe jeusi nyuma ya nyumba, sufuria miguuni.

"Tumeshindwa," nikasema. Nilikuwa nikifikiria uso wa mwenyekiti.

Alinisogezea nafasi kwenye jiwe. Alikuwa akila dagaa kutoka sufuriani, mmoja mmoja, akitafakari kila tonge. "Zaituni," akasema, "wale watu ni wazuri. Walikula kwa adabu. Mimi nimewapikia kana kwamba wako Mwamgongo." Akalamba kidole. "Kesho sipiki. Kesho ninaangalia."

Na siku iliyofuata hakupika kweli. Aliwaomba majirani aingie majikoni mwao. Alikaa juu ya kigoda cha mbuzi ya nazi, akajaribu kukuna, akajikata, akacheka. Aliuliza tui la kwanza linaingia lini na la pili lini. Aliuliza ndimu inakamuliwa kabla au baada. Walimpaka liwa usoni, kama wanavyojipaka wenyewe, na alirudi jioni uso wa manjano, kikapu kimejaa nazi na ndizi mbichi, akinukia maua ya mlangilangi.

Siku ya tatu alialika watu wachache tu, wanawake, na Koko. Alikaa na jirani mmoja wakivunja vichwa vya dagaa wote wale, kazi ambayo kwao ziwani hakuna mtu aliyewahi kuifanya. Alinong'ona, "Wakisikia Mwamgongo kwamba natupa vichwa, watanifukuza." Akawaloweka kidogo, akawakaanga wakalia kama makapi ya mpunga, kisha akawatia ndani ya tui zito lenye ndimu na pilipili, juu ya ndizi mbichi zilizochemshwa. Mawese alitia kijiko kimoja. "Ili wajue tumetoka mahali," akasema.

Koko alipewa kwanza. Alikula taratibu, na ua mzima ukawa unamtazama akitafuna. Akamaliza. Akaifuta sahani kwa kipande cha ndizi. Akamgeukia mkwewe na kusema maneno ya Kikomoro ambayo sikuyaelewa, na wanawake wakaangua kicheko.

"Anasema nini?" nikauliza.

Bi Moinaecha alikuwa akijifuta macho. "Anasema, kuku wale wamekula vizuri siku zote hizi, na sisi je?"

Ghala lilianza kupungua wiki hiyohiyo. Wanawake waliokula uani wakawapikia wengine, na Bi Moinaecha akapata busara ya kuuza dagaa pamoja na nazi moja na ndimu, ndani ya kifurushi kimoja. Kabla ya masika gunia la mwisho lilikuwa limetoka, na yule mfanyabiashara aliyedai ghala aliuliza shehena nyingine itakuja lini.

Tuliporudi Mwamgongo mwenyekiti alitupokea ufukweni. Nilimpa taarifa kama nilivyofundishwa chuoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi, na hilo jambo lako jingine ni lipi?" Nikajua tumesamehewa bila kutajwa kosa. Mama Feza alisimulia habari za kisiwa kisicho na mto, na kina mama hawakumwamini mpaka aliponiapisha. Nazi alizoleta walizipika wote. Moja ilichipua, ikapandwa kwa sherehe, mbuzi akaila.

Biashara ile iliendelea kwa miaka michache. Dagaa walikwenda, kofia, karafuu na mikeka ikaja, na kundi la ngoma la Ujiji lilivuka mara moja na kurudi na nyimbo ambazo harusi za kwetu zingali zikiimba, maneno yakiwa yamepotoka. Kisha nchi ikaingia vitani, mabehewa yakahitajika kwingine, dizeli ikaadimika, na shehena zikawa chache hadi zikakoma. Bi Moinaecha alifariki Moroni. Habari zilitufikia kwa mdomo wa msafiri. Ndugu Ruhasha naye alizikwa Kasulu, na mimi nilikuwepo. Chanja za Mwamgongo zipo. Vijana wa kule wanadhani zilikuwepo tangu zamani, na sioni sababu ya kuwasahihisha.

Wiki moja baada ya ninyi kuniaga nilipanda boti kwenda kumwona Mama Feza. Ni mzee sasa, macho yamefifia, anachambua maharage kwa vidole tu. Nikampa shikamoo, akaniitikia na kunishika mkono asiuachie.

"Nimestaafu, mama," nikamwambia.

"Ndiyo nimesikia. Unaumwa?"

"Siumwi. Ni umri tu."

Akachambua kidogo. "Zaituni, ng'ambo ya Komoro kuko nani?"

"Kuna Bukini, mama. Kisiwa kikubwa sana, kuliko vyote vya huko."

"Wanakula nini?"

"Wali, nadhani. Na nyama ya ng'ombe."

"Unadhani." Vidole vyake vikasimama juu ya maharage. "Na dagaa wanakula na kichwa ao bila kichwa?"

"Sijui, mama."

"Miaka yote ile ulikuwa ofisini," akasema, bila ukali wowote, kwa mshangao tu, "na haukuuliza?"

Sasa sina ofisi. Ninyi mnayo. Mama Feza anapatikana nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka ufukweni, na mchana huwa anapenda wageni. Mkipata jibu msimpe mtu wa boti alipeleke. Nendeni wenyewe, mkae, mkiwa mmejiandaa, kwa maana swali lake la pili huwa gumu kuliko la kwanza.